Picha ya Maua na Mkwe Wangu

Yule memsahib alikuja Temeke mwenyewe, kwa miguu kutoka pale gari lake lilipozama mchangani, akiwauliza wapita njia, "Wapi fundi ya kabati?" Wakamleta bandani kwetu. Alikuwa ameliona kabati nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, akapendezwa nalo, na alimtaka fundi aliyelitengeneza. Hakumtaka mwenye banda. Alinitaka mimi.

Mwenye banda alikuwa baba mkwe wangu, naye alikuwa amekaa hatua tano tu kutoka pale, ananoa patasi. Alisikia kila neno.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali ameshika nchi, na sisi mafundi wa kutoka kusini tulikuwa tumejazana Temeke na misumeno yetu. Mzee alikuja kutoka Lindi kabla ya vita, akajenga banda la makuti ubavuni mwa nyumba yake. Mimi nilimkuta hapo, nikafanya kazi kwake mwaka mzima, kisha nikaoa binti yake wa pili. Mke wangu sina neno naye hata leo. Kosa langu lilikuwa kuendelea kufanya kazi katika banda lile lile baada ya kumwoa.

Kabla ya ndoa mimi na mzee tulikuwa tukizungumza mpaka koo linakauka. Baada ya ndoa tukawa wakwe, na ukwe kwetu si mchezo. Mkwe humkazii macho. Humkatishi maneno, huli naye sinia moja, wala humwulizi kwa nini amefanya hivi au vile. Naye vilevile anakuonea haya, hakugombezi wala hakukosoi. Kwa hiyo watu wawili tuliofungiwa katika banda moja toka asubuhi hadi alasiri tulipitisha siku kwa "Shikamoo baba," "Marahaba," na "Randa ndogo iko wapi?" Mzee akiona kiti changu kimepinda mguu, alimwambia binti yake, na binti yake aliniletea habari hiyo pamoja na wali. Nilichoka. Nasema wazi, nilichoka sana.

Sasa huyo memsahib akaweka juu ya meza yangu kitu kilichofungwa taulo. Alipokifungua ilikuwa picha ya maua, imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya ubao mwembamba, upana wake kama sinia la biriani. Alitaka fremu ya mbao nzuri, maana baada ya mwezi mmoja angerudi kwao Ulaya. Akasema, "Rafiki zangu nataka kiti, nataka meza. Mimi taambia wao jina yako."

Jina langu! Nilikuwa na miaka ishirini na minane na watoto wawili, na kila kiti nilichowahi kutengeneza kilitoka mlangoni kwa jina la mzee. Kulikuwa na kona moja wazi kando ya barabara ya Chang'ombe ambayo nilikuwa nimeipigia hesabu ya kujenga banda langu mwenyewe. Mwenye kiwanja alishakubali. Nilichokosa ni wateja wanaonijua mimi, na leo hao wateja walikuwa wamekuja na taulo.

Kabla hajaondoka alinionyesha jambo moja. Mzee wakati huo alikuwa ametoka kwenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, tulikuwa wawili tu. Katikati ya picha palikuwa na waridi jeupe, kubwa, limefumbuka. Memsahib akaweka kidole gumba chake katikati ya waridi lile, kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. "Hii kidole ya mama yangu," akasema. "Mama kwisha kufa." Nikainama kutazama. Kweli, mchoraji alikuwa ameligandamiza ua kwa kidole gumba wakati rangi ikiwa mbichi, na mistari ya ngozi ilikuwa imebaki pale, laini, unaweza kuihesabu. Kwa sababu hiyo, alisema, nisiisugue picha, nisiioshe. Nikamwahidi.

Alipokwenda nilikaa kuitazama, na kwa kweli picha ilinikera. Rangi ilikuwa imerundikwa, ina matuta na makovu, mahali pengine imesimama kama ugali uliokaukia kwenye mwiko. Sisi tulilelewa na msasa. Sheria ya banda letu ilikuwa moja: kazi nzuri haikwaruzi. Ufumbe macho, upitishe kiganja juu ya meza, usijue ubao mmoja umekutana na mwingine wapi. Sasa hapa mtu mzima, mwenye rangi ya kununua, ameacha kazi yake ina magamba kama samaki! Nikajiambia kumbe Wazungu nao wana mafundi wabovu.

Nikaitundika ukutani nipate kupima. Nikarudi nyuma hadi mlangoni kuchukua kamba ya kupimia, nikageuka, nikaona maua. Nisingeweza kuapa kwamba ni picha ile ile. Matuta yote yalikuwa yametulia yakawa petali, na jagi la buluu lilikuwa limesimama juu ya meza hata unataka kulishika lisianguke. Nikaisogelea, maua yakapotea, ikabaki rangi iliyorundikwa. Nikarudi nyuma, yakaja tena. Nilienda na kurudi hivyo mpaka mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua ng'ambo ya njia akanipigia kelele, "We fundi, unapima nyumba au unacheza ngoma?" Nilikuwa nimekasirika kwa sababu kitu kilikuwa kinanishinda na sikujua ni kitu gani.

Kilichonifundisha kuona ni mbao zenyewe. Ili nichague fremu nilisimamisha vipande vitatu kando ya picha, kimoja baada ya kingine. Kipande cha mpingo kiliufanya weupe wote uonekane kama chokaa, na jagi likafa. Mvule uliichafua njano. Nilipoweka mninga, wekundu fulani ukaamka ndani ya vivuli, wekundu ambao kwa siku tatu nzima sikujua kama upo. Nikaanza kuutafuta. Ulikuwa chini ya majani, ulikuwa kwenye ukingo wa meza, ulikuwa hata ndani ya waridi jeupe lenyewe.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba lile waridi halikuwa jeupe. Lilikuwa na kijivu cha majivu, lilikuwa na kijani chepesi kama cha ganda la dafu, na kwenye mikunjo ya ndani palikuwa na zambarau ambayo ukiitazama moja kwa moja inakimbia. Weupe hasa ulikuwa mahali patatu tu, kila mahali padogo kama punje ya mchele, na hapo ndipo rangi ilipokuwa nene kuliko kote. Asubuhi, mwanga ulipoingia mlangoni kwa ubavu, zile punje tatu zilishika jua na kutupa vivuli vyao vidogo. Yule mama marehemu hakuwa fundi mbovu. Aliweka rangi nene pale alipotaka mwanga usimame, na kwenye giza aliipitisha nyembamba mpaka mishipa ya ubao ikaonekana chini yake. Jagi la buluu alilivuta kwa mkono mmoja tu kutoka juu hadi chini, hakurudia. Mkono wa namna hiyo ninaujua. Ndio mkono wa mtu anayesukuma randa mara moja na kuiacha.

Nani nimwambie? Nilimwambia mke wangu jioni, akaniuliza, "Yananukia?"

"Picha hainukii."

"Sasa maua yasiyonukia ni ya nini? Ungeletewa japo asumini nikatunga kikuba."

Nikajaribu kumweleza habari ya weupe usio mweupe, ulimi ukanigomea. Kwa mbao nina maneno ya kutosha, ninajua kusema ubao umekomaa, umeteguka, umekula maji. Kwa jambo hili nilikuwa na "nzuri" na "nzuri sana," basi. Akanihurumia, akaniongezea mchuzi.

Mtu wa kumwambia alikuwa mzee. Jicho lake lilikuwa linaona ubao uliopinda unywele kutoka ng'ambo ya ua. Nilikuwa namwona anaiibia picha macho kila nilipoinama kupiga patasi. Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta amesimama mbele yake, mikono nyuma, uso karibu kabisa na waridi. Aliponisikia akakohoa, akaenda zake kutafuta gundi ambayo ilikuwa mkononi mwake. Angekuwa si mkwe wangu ningemshika bega nikamvuta mpaka mlangoni: baba, simama hapa, tazama kutoka hapa. Ningemwambia pia habari ya kidole cha marehemu. Sikumwambia, naye hakuniuliza. Tukaendelea kupitishiana randa kwa heshima.

Fremu niliimaliza kwa wiki mbili. Mninga mtupu, mpana, hauna nakshi yoyote, pembe zake zimekutana hata kucha haipiti. Sijisifu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mpaka leo sijatengeneza nyingine kama ile. Siku moja kabla ya kuipeleka nilikwenda Ilala kutafuta skrubu ndogo. Niliacha fremu juu ya meza polishi yake ikauke, na picha kando yake.

Niliporudi alasiri mzee alikuwa ameshakwenda msikitini. Nikaichukua picha, nikaipeleka mlangoni niitazame kwa mara ya mwisho kabla sijaifunga. Waridi lilikuwa limekufa. Sina neno jingine. Katikati yake palikuwa pamelala, panang'aa kama sahani. Kidole kilikuwa hakipo. Matuta yaliyokizunguka yalikuwa hayapo, na mbili kati ya zile punje tatu za mwanga zilikuwa zimekwenda nayo. Palikuwa pamepigwa msasa taratibu, kwa mviringo, kisha pakapakwa polishi nyembamba ambayo ilikuwa bado inanata. Na kazi yenyewe ilikuwa imefanywa vizuri! Hilo liliniuma kuliko yote. Usingejua msasa umeanzia wapi.

Juu ya meza palikuwa na kipande cha msasa ule laini kabisa, kimekunjwa mara tatu. Mtu mmoja tu alikuwa akikunja msasa mara tatu katika banda lile. Ndani ya mkunjo mlikuwa na vumbi jeupe.

Nilikaa chini kwenye maranda. Kisha hasira ikaja, na haikuja peke yake, ilikuja na wenzake wote wa miaka mitano. Wivu! Nikakumbuka alivyokaa ananoa patasi siku memsahib aliposema atawatajia rafiki zake jina langu. Nikakumbuka alivyokohoa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema kwa sauti, peke yangu, kama mwehu. Mzee hakutaka nitoke bandani mwake. Hakuweza kuniambia, basi akasema kwa mikono yake.

Nyumbani mke wangu aliuona uso wangu, nikamweleza. Akasema, "Nimuulize?"

"Usithubutu. Ukimuuliza atajua nimemshitaki. Nikishamshitaki mkwe wangu kwa binti yake nitaishi wapi hapa Temeke?"

"Basi nyamaza. Lakini usinune na mie, mie sikushika msasa."

Alikuwa na haki, nami nilinuna.

Asubuhi nikamkuta mzee amekwisha kufagia bandani. "Shikamoo baba." "Marahaba." Kisha akaongeza jambo ambalo hakuwa akiliongeza. Akiwa anatazama mikono yangu, si uso, akasema, "Fremu imekubali. Nenda salama." Nikayasikia hayo kama kejeli. Nikauma ulimi mpaka nikaonja chumvi, nikafunga mzigo mgongoni, nikapanda baiskeli.

Memsahib alikuwa akikaa upande wa Kinondoni, nyumba yenye ua wa michongoma. Njia nzima, Ilala yote na Magomeni yote, nilikuwa natengeneza sentensi moja: si mimi, memsahib, ni mzee. Niliirudia kwa kila mzunguko wa pedeli. Nilijua kwamba nikiisema vizuri huenda akanihurumia, akanitaja kwa rafiki zake, na ile kona ya Chang'ombe ikawa yangu.

Alipoiona fremu alicheka kwa furaha kama msichana. Akapitisha kiganja juu ya mninga, akasema nzuri, nzuri sana, naye hakuwa na maneno mengi kuliko mimi. Kisha kidole gumba chake kikaenda kwenye waridi. Kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena. Akaipeleka picha dirishani, akakaa nayo huko kwa muda ambao sitaki kuukumbuka.

"Nani?" akauliza.

Nikafungua kinywa. "Mimi," nikasema.

Msinisifu. Haikuwa ushujaa, na mpaka leo nina hasira na ulimi wangu. Mkwe huwezi kumtoa nyumbani kwake ukamwanika mbele ya mgeni, hata kama amekuua. Sentensi ilikuwa tayari, nimeitengeneza kilomita zote zile, lakini haikupita kooni.

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni kasoro, memsahib."

Afadhali angenitukana. Alinirudishia picha pamoja na fremu yake, akaniwekea mikononi, akasema, "Chukua. Mimi hapana taka ona." Nikamwambia naweza kutoa fremu, abaki japo na picha ya mama yake. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango wa waya. Nilisimama pale nimekumbatia mzigo mpaka mpishi wake akatoka kuniambia niende.

Mzee alikuwa mlangoni mwa banda niliporudi. Aliuona mzigo mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake aliniuliza swali uso kwa uso. "Amekupa?"

Kwa kweli alikuwa amenipa. "Amenipa, baba."

Akapiga makofi! Akacheka, akamwita mke wake, akawaita majirani, waje waone Mzungu alivyomtunuku mkwe wake kwa kazi nzuri. Akaipokea picha mwenyewe, akaitundika sebuleni kwake juu ya kiti chake, nami nikashika nyundo na kumsaidia kupigilia msumari. Nilitamani kumpigilia yeye.

Hakuna rafiki wa memsahib aliyekuja kutafuta kiti wala meza. Kona ya Chang'ombe ilichukuliwa na fundi bati. Mimi nikabaki bandani mwa mzee miaka mitatu zaidi, namchukia kwa adabu zote. Nilimwamkia kila asubuhi na nilimpokonya kila mzigo mzito asije akaumia mgongo, na ndani ya moyo sikumsamehe hata siku moja. Kuingia sebuleni kwake nilikuwa nikikwepa, na ikinibidi kuingia natazama mkeka.

Siku ya Iddi moja alikuja rafiki yake wa ujanani kutoka Lindi. Mke wangu na mama yake walikuwa jikoni, nikatumwa kupeleka kahawa. Nilikuwa ukumbini na sinia mkononi, pazia la sebule limeshuka, nikamsikia mzee anazungumza kwa sauti ya chini.

"Unaliona hili waridi? Tazama hapa katikati. Huoni kitu, si ndiyo? Basi hapa palikuwa na alama ya kidole gumba, wazi kabisa! Rangi nene hii haikauki upesi, mkwe wangu huyu akaigusa ikiwa bado mbichi."

"Lo! Fundi mzima?"

"Ajali, bwana, nani hajawahi kuigusa polishi mbichi? Lakini fremu aliyoitengeneza, mie mwenyewe siiwezi, haki ya Mungu. Mzungu kamfuata yeye, si mie. Nikasema kijana huyu leo ndiyo anatoka, halafu aaibike kwa sababu ya kidole? Na kumwambia siwezi, mkwe wangu, atatahayari. Nikangoja ametoka, nikapiga msasa taratibu, nikapaka polishi. Mzungu hata hakugundua, kafurahi mpaka kamzawadia. Mwenyewe hajui hadi leo. Naye usije ukamwambia."

Sitasema moyo wangu ulilainika. Kwanza nilikasirika upya, na kwa nguvu zaidi, maana sasa sikuwa na wa kumkasirikia. Angeniuliza neno moja tu! Mimi ningemwambia neno moja tu, siku ile ile memsahib alipokuja, mara aliporudi kutoka kuswali! Miaka mitatu nimelala na chuki juu ya mtu aliyekuwa akinificha aibu, na sasa hiyo chuki niiweke wapi, nimpe nani? Nikasimama pale mpaka kahawa ikaanza kupoa. Kisha nikakohoa, nikasukuma pazia.

Mgeni akapokea kikombe chake. Akanitazama kwa huruma ya mtu anayejua siri yako, akasema, "Nasikia yule Mzungu aliipenda sana kazi yako, mwanangu."

Mzee akainamisha macho kwenye mkeka. Niliona mkono wake umeshika goti.

"Aliipenda sana," nikasema. "Aliikagua yote dirishani, hakuona kasoro hata moja."

Mzee akashusha pumzi. Nikapiga goti mbele yake na sinia, naye akapokea kahawa yake kwa mikono miwili, bila kunitazama.